Nasikia Baridi

Sifa, mama yangu,

Salamu sikuandikii, maana umetoka mlangoni sasa hivi kwenda Kista kuwaaga wenzako, na sanduku lako liko hapa ukumbini, wazi, linangoja vitu vya mwisho. Kesho asubuhi ni treni, kisha Umeå, kisha chumba chako mwenyewe. Nimekaa jikoni kwenye kiti chako. Ni saa nane mchana, jua la Agosti limejaa mezani, na mimi nimevaa sweta. Ungekuwepo ungeniangalia tu.

Mambo ya masufuria na funguo nimeyaacha. Umepika katika nyumba hii tangu una miaka kumi na mmoja, na wote wawili tunajua kwa nini. Ninalotaka kukuandikia ni lile neno ambalo hatujalitaja tangu una miaka kumi na minne. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiswidi changu kinanitosha kazini na dukani, lakini kwa hili hakinitoshi. Najua utasoma polepole. Ukikwama soma kwa sauti, masikio yako yatakumbuka.

Unajua nakuita mama kwa sababu una jina la mama yangu. Lakini sijakueleza alivyokuwa. Bibi yako Sifa alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, wa ukubwa wa kiazi, na alikuwa akiufunika kwa kitambaa akienda kanisani. Kule kwetu Uvira kuna joto la kukutoa jasho ukiwa umekaa tu, lakini yeye alikuwa anaota moto mchana. Sisi watoto tulimcheka sana. Siku moja nilimwambia, "Mama, wewe siku moja utaingia ndani ya jiko." Akacheka na yeye. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanaume, na alikuwa akisinzia katikati ya kuchambua maharage. Tulisema ndivyo alivyo, mama yetu ni mzito. Alikufa mzito hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumuuliza anasikiaje.

Kwa hiyo na mimi yaliponifika sikuyaita ugonjwa. Niliyaita Sweden.

Ilikuwa baridi yetu ya pili hapa Husby. Nilikuwa nasafisha ofisi, na kila asubuhi nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikasema ni giza la huku. Ngozi ya miguu ikapasuka, nikasema ni hewa ya huku. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, nikasema ni maji ya huku. Nilinenepa huku nakula kidogo, uso ukavimba, choo nikakipata mara moja kwa wiki. Kila kitu nilikipa jina la nchi. Wanawake wenzangu wa kanisani nao walikuwa wanalalamika baridi, sasa mimi ningejuaje kwamba yangu ilikuwa baridi nyingine?

Unakumbuka nilivyokuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya? Sauti ilishuka, ikakwaruza. Siku moja mwalimu wa kwaya akanisogeza nyuma, kwa wanaume wa besi. Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia, wewe ukawa unagonga mlango ukitaka kupiga mswaki.

Na kulikuwa na mambo mengine ambayo hukuyajua, au nilidhani huyajui. Damu yangu ya mwezi ilikuwa inakaa siku kumi, kumi na mbili, na mabonge. Nilikuwa natembea na taulo dogo ndani ya mfuko wa plastiki, natandika kwenye kiti cha treni chini ya koti. Baba yako alikuwa akirudi kutoka kwenye basi lake ananikuta nimelala na koti langu. "Feza," ananiambia, "wewe ulikuja Ulaya kulala?" Hakuwa mtu mbaya, Sifa. Alikuwa anaona mke wake ameondoka akamwacha, na mimi sikuwa na maneno ya kumwambia bado nipo.

Ndipo tukaenda vårdcentral, kile kituo cha afya, mimi na wewe.

Ulikuwa na miaka kumi. Uliomba ruhusa shuleni, ukavaa ile jaketi yako nyekundu, na ndani ya treni ulikuwa unafanya mazoezi ya maneno kwa midomo. Ulikuwa na fahari. Nilikuwa na fahari pia. Nilikaa mbele ya daktari, mwanaume mrefu mwenye miwani ya kusomea, na nikakuambia, "Umwambie nasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Nasikia kama mtu ananishika shingoni. Nasikia mwili mzito."

Nawe ukasema, kwa sauti nzuri ya darasani, "Mamma hör kyla. Hon hör någon som håller henne i halsen."

Hilo neno hör nililijua. Kwenye darasa la Kiswidi mwalimu alikuwa anatuuliza kila asubuhi kama tunamsikia. Nilipolisikia kinywani mwako nilifurahi, nikatikisa kichwa kwa nguvu, ndiyo, ndiyo, hör. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kitu polepole. Ukanigeukia: "Anauliza unasikia mara nyingi?"

"Umwambie kila siku," nikasema. "Na usiku zaidi."

Sisi tuna neno moja, mama. Tunasikia kengele, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia baridi. Wao masikio yana neno lake na mwili una neno lake. Wewe ulichukua lile la masikio, kwa sababu ndilo nililokupa. Ulitafsiri sawasawa kabisa kile mama yako alichosema. Daktari naye akaandika kwamba mwanamke huyu aliyekimbia vita anasikia mtu anamkaba. Akaanza kuongea kwa upole, akauliza kuhusu Kongo, akauliza nani alikufa. Shingo yangu hakuigusa. Tukatoka na karatasi ya vidonge vya kulala na barua ya kwenda kwa madaktari wa akili, na wewe ukaniuliza kwenye ngazi, "Nimefanya vizuri?" Nikakununulia keki.

Hapo ndipo hadithi uliyojibebesha inapoishia. Yako. Yangu inaendelea, na sijawahi kukusimulia.

Kule kwa madaktari wa akili walikuwa na mkalimani wa simu. Simu ikawekwa mezani, na sauti ikasema, "Habari yako mama, mimi ni mkalimani, natunza siri zote." Nikaitambua ile sauti. Alikuwa ni mama mmoja wa kwaya yetu, aliyekuwa anasimama karibu yangu kabla sijapelekwa nyuma. Nikaganda. Je, niseme habari za damu yangu mbele yake, kisha Jumapili tushike kitabu kimoja cha nyimbo? Nikamwambia yule daktari kwa Kiswidi changu cha miezi sita, "Sitaki tolk. Mimi naelewa." Sikuelewa hata nusu. Ndivyo nilivyomkataa mkalimani, na ndivyo nilivyokurudisha wewe kwenye kile kiti, mara nne, mara tano, miaka yote ile.

Na kuna siku moja ambayo ni lazima uijue. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulirudi vårdcentral, daktari mwingine, mwanamke kijana. Aliuliza maswali mengi na moja likakufanya ujishike masikio. Ukaangalia chini, ukaniambia, "Mama, anauliza kama ile ya kila mwezi iko sawa, au inatoka nyingi."

Sifa, wakati huo huo nilikuwa nimekalia taulo. Nilikuwa nimelikunja mara tatu chini yangu. Nilikuangalia masikio yako, na viatu vyako vidogo, nikaona haya kuliko nilivyoogopa. Nikakuambia, "Umwambie hakuna tatizo."

Nawe ukamwambia hakuna tatizo.

Sasa niambie, kati yangu na wewe, ni nani aliyetafsiri vibaya? Wewe ulikosea neno moja ukiwa mtoto. Mimi nilisema uongo nikiwa mtu mzima, na nikautoa kupitia mdomo wako.

Watoto wawili nilipoteza wakiwa bado tumboni. Wa kwanza ulikuwa shuleni, ukakuta nimelala, nikakuambia ni malaria ya zamani. Wa pili alikuwa na miezi minne, na huyo tulimjua wote, kwa sababu baba yako alikuwa ameshanunua kitanda. Pale hospitali nilibaki siku mbili. Alikuja mkunga mmoja, mama mzee mwenye mikono mikubwa, kunisaidia kubadilisha shati. Mkono wake ukapita shingoni mwangu, ukasimama. Akabonyeza kidogo. Akaangalia nyusi zangu, zilikuwa zimeisha kwa nje. Akagusa miguu yangu. Hakuniuliza chochote kuhusu vita. Akaomba simu, mkalimani, na mimi sikuwa na nguvu ya kukataa.

Alikuwa ni mwanaume wa Tanzania, wa mji mwingine, simjui na hanijui. Akauliza, "Mama, unahisi baridi wakati wenzako hawahisi?" Unahisi. Neno lilikuwa safi sana. Nikasema yote, damu, choo, nywele, sauti, taulo. Mkunga akawa anasoma kwenye faili langu huku anakunja uso. Yule mkalimani akasema, "Anauliza, hizi sauti unazozisikia zinasemaje?"

"Sauti gani?" nikamuuliza.

"Anasema imeandikwa kwenye faili tangu zamani. Kwamba unasikia baridi, unasikia mtu anakukaba." Alikuwa Mswahili kama sisi, akaelewa kabla yangu. "Ah, pole sana mama," akasema.

Walinipima damu. Majibu yalikuja siku hiyo hiyo. Ile tezi iliyoko mbele ya shingo, ambayo Waswidi wanaiita tezi ya ngao, ndiyo inayoendesha moto wa mwili, na yangu ilikuwa karibu kuzima. Kwangu mwili wenyewe ndio ulikuwa unaipiga vita. Mkunga alinieleza kwamba tezi hiyo ikilala vyote vinalala nayo: moyo, tumbo, akili, sauti, na kwa mwanamke damu ya mwezi inaharibika, mimba inakuwa ngumu kushika au kukaa. Nikamuuliza kama ndiyo iliyowaua watoto wangu. Aliangalia mikono yake. Akasema inaweza kuwa, lakini hawezi kuapa.

Hawezi kuapa. Yeye aliyesoma hakuapa. Mimi niliapa.

Nilirudi nyumbani na ulikuwa umepika supu. Ulikuwa na miaka kumi na minne, una kijiko mkononi, unataka nionje chumvi. Nilikuwa nimetembea kutoka kwenye treni na kile kitanda na lile neno hör akilini mwangu, nikasimama hapo mlangoni bila kuvua koti. Nikakuambia, "Ni ulimi wako ulioniulia watoto."

Nimeliandika. Nilitaka uone kwamba naweza kuliandika na mkono wangu mwenyewe, nisijifanye nimesahau.

Uliweka kijiko chini. Ukazima jiko. Ukasema, "Förlåt, mamma." Niliomba msamaha mimi? Hapana. Wewe ndiye uliyeuomba, kwa Kiswidi, na tangu siku ile hujanijibu kwa Kiswahili hata mara moja. Watu wa kanisani wanasema, "Watoto wa huku wote wako hivyo, wanasahau." Nawaacha waseme. Hukusahau. Uliogopa kukigusa tena.

Nilianza vidonge wiki ile. Kimoja kidogo cheupe kila asubuhi, kabla ya chai, unangoja nusu saa ndipo unakula, na vile vya kuongeza damu unavimeza mbali nacho, mchana. Waliongeza kidogo kidogo, miezi mingi, damu ikipimwa kila mara. Siku moja ya Machi nilikuwa nangoja basi nikagundua sikuvaa glovu na mikono yangu ina joto. Nililia pale kituoni. Damu ya mwezi ikarudi siku tano. Sauti ilirudi nusu. Baba yako alikuwa ameshahamia Hagsätra, na sikwenda kumrudisha, kwa sababu alikuwa amechoka kumngoja mtu asiyemjua. Kile kitanda alikitoa kwa watu wengine, sikumuuliza ni akina nani.

Nilipona, Sifa, na ndipo nikaona nilichofanya. Miaka ile ya kulala nilijidhani mimi ni mvivu na mtu mbaya. Nilipoamka nikakuta uvivu haukuwa wangu. Neno lile mlangoni lilikuwa langu, na halina kidonge. Mara ngapi nimesimama nje ya chumba chako? Nilikuwa nasikia muziki wako, nasema kesho. Miaka mitano ya kesho, na sasa kesho yenyewe ni treni.

Ningeweza kuishia hapa nikakuomba msamaha tu. Nakuomba, uchukue au uache, ni haki yako. Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo lililonikalisha kwenye kiti hiki.

Mwezi wa sita ulivaa soksi mbili. Mwezi wa saba wenzako walikuwa wanaogelea, wewe ulikaa kwenye nyasi na sweta. Nimeokota nywele zako kwenye bomba la bafu. Unalala ukitoka kazini, unalala ukila. Umeanza kununua pedi za usiku na kuzitumia mchana, usiudhike, mimi ndiye ninayetoa takataka. Na wiki iliyopita, ulipokuwa umekaa kwenye hita kama bibi yako kwenye jiko lake, nilikuuliza, "Mama, unasikia baridi?"

Hukuinua macho. Ukasema, "Jag hör ingenting." Sisikii kitu.

Nilijua unanirudishia neno langu. Nilistahili. Nilikwenda kukunja nguo. Sikuondoka kwa ajili ya lile neno. Nilikuwa nimeona shingo yako ulipogeuka.

Labda sio kitu. Labda ni uchovu wa kazi ya kiangazi. Lakini mkunga aliniambia ugonjwa huu unapenda wanawake na unapita katika ukoo, na mimi nina mama aliyeota moto mchana na nina mwili wangu mwenyewe. Ni kipimo kimoja cha damu. Na kama siku moja utataka mtoto, lazima wajue mapema, kwa sababu dawa huongezwa tangu wiki za mwanzo. Katika wiki zile mtoto anaishi kwa tezi ya mama yake. Unakwenda kusomea uuguzi, utayajua haya kuliko mimi. Najua pia kwamba hutakwenda kupima. Utasema huna tatizo. Nakujua, kwa sababu nilikufundisha jinsi ya kulisema hilo mbele ya daktari.

Kwa hiyo nimefanya kazi moja. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Nimeiandika kwa Kiswidi, peke yangu, siku tatu, wakati wa mapumziko kazini. Sikumwonyesha mtu. Ukimwona daktari wa kule na maneno yakakwama, mpe hiyo. Imeandikwa kwamba mama wa huyu msichana ana ugonjwa wa tezi ya ngao, na bibi yake alikuwa na uvimbe shingoni. Kwamba damu yake ni nyingi. Kwamba nywele zinatoka. Na kwamba hon fryser, anahisi baridi. Neno hilo nililitafuta kwenye kamusi, kisha nikalitafuta tena, nihakikishe ni la mwili, sio la masikio.

Miaka yote ulikuwa unakaa katikati yangu na daktari, miguu haifiki chini. Mara hii mimi ndiye mkalimani wako. Isome kwanza kabla hujaitoa. Kama nimekosea neno, lisahihishe kwa kalamu, wala usinifanye nilivyokufanya.

Supu iko kwenye sufuria ya bluu. Sijaonja chumvi, nakungoja wewe.

Mama yako,
Feza